Picha za Wayahudi wa Rhodes

Nilipokuwa nikifundisha Lubumbashi, katika nchi ya Kongo, nilipita mara nyingi mbele ya sinagogi lililojengwa mwaka 1930. Siku moja nikauliza, Wayahudi hawa walitoka wapi? Nikaambiwa, wengi walitoka kisiwa cha Rhodes, ndicho Rodo alikopita Mtume Paulo, wakaja kufanya biashara.

Hao waliohama walisalimika. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliosalia kisiwani, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliorudi hai walikuwa kama 150 tu.

Sinagogi lao la kale, la mwaka 1577, lingali limesimama huko Rhodes. Mwaka 1997 Aron Hasson, mwanasheria wa Marekani ambaye wazee wake walitoka kisiwani, alianzisha nyumba ya makumbusho katika vyumba walimosali wanawake zamani. Humo mna picha za arusi, za shule na za jamaa. Nyingi zilitunzwa na wale waliokwenda mbali, maana waliobaki walinyang'anywa vyote.

Niliposikia hayo niliona haya. Tulipobomoa nyumba ya marehemu babu yangu nilichoma karatasi zake zote, pamoja na picha ya darasa lake la ubatizo. Hakuna adui aliyenishurutisha. Nilidhani ni takataka. Leo wanangu huniuliza majina ya ndugu zake, nami sina la kuwajibu.

Basi, wenzangu, kabla hamjawasha moto, fungueni kwanza masanduku ya wazee wenu.