Kahawa Kisiwani

Tulipofika Konstanz, Ujerumani, wenyeji wetu walitukaribisha kahawa katika Inselhotel, hoteli ya kale kwenye kisiwa kidogo ukingoni mwa ziwa. Kahawa, kwa kweli, ilikuwa nzuri. Ndipo tukaambiwa kwamba nyumba hii, iliyofanywa hoteli mwaka 1875, zamani ilikuwa monasteri ya Wadominiko. Humu alifungwa Jan Hus tangu Desemba 1414, katika chumba kilicho karibu na choo, akaugua sana. Tarehe 6 Julai 1415 alichomwa moto kwa kukataa kuyakana aliyoyahubiri.

Sisi wachungaji tukatazamana. Mwezi uliotangulia, kikaoni, mwenzetu alionewa nasi tukanyamaza, tukihofia kuhamishwa usharika. Jioni ile tulimpigia simu. Hakupokea. Tukapiga tena asubuhi.