Songea: Gari lenye ‘pepo’ lapata mganga

Wengi wanaokwenda Songea wana orodha yao. Kwanza Makumbusho ya Maji Maji pale Mahenge, kukumbuka mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Halafu milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma. Mwisho sahani ya ugali kwa mbasa wa Ziwa Nyasa. Yote mazuri, wala sikuzuii. Lakini mji huu, mpenzi msomaji, una utaalamu mwingine ambao mgeni huujua pale tu gari linapomgomea. Leo nakupeleka gereji.

Tulitoka Dar es Salaam watu watano kwenye Toyota Mark II ya shemeji yangu, tukipeleka mahari ya kijana wetu. Safari ni zaidi ya kilomita 900, na gari lenyewe lina historia. Kontroboksi yake ya asili iliungua. Gereji moja ya Dar ikalifunga kompyuta nyingine isiyotoka kiwandani, ile ambayo fundi huipangia mwenyewe kiasi cha mafuta na wakati wa plagi kuchoma. Likiwa zima, linakwenda kama mshale.

Tatizo likaja baadaye: kumisi. Tena siyo kila siku! Jumatatu linamisi, Jumanne limetulia, ukilipeleka kwa fundi linanguruma vizuri kama vile linakucheka. Shemeji alishabadilisha plagi, koili na pampu ya mafuta. Hela ikaisha, ugonjwa ukabaki. Jirani mmoja akadai lina pepo.

Lukumburu si mahali pa mchezo

Kutoka Makambako barabara inashuka kusini kupitia Njombe, baridi na misitu ya kupandwa pande zote. Halafu unakutana na milima ya Lukumburu, kona juu ya kona. Tulikuwa tunalipita lori la mahindi, mahali palipoonekana wazi, ghafla gari likakata. Sekunde moja tu, likashika tena. Kushoto lori, mbele basi limeshatokeza. Shangazi, aliyekuwa nyuma na mkoba wa mahari mapajani, alisoma dua zote anazozijua.

Sekunde moja ukiwa kwenye foleni ya Kariakoo ni kero. Ukiwa Lukumburu ni roho za watu watano.

Asubuhi mwenyeji wetu akatuelekeza upande wa Lizaboni, kwenye gereji ya wazi chini ya mwembe. Fundi ni mzee wa makamo, kavaa kofia ya sufu, maana baridi ya Songea mwezi wa saba si utani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Inazima kabisa au inamisi?”

Shemeji akaanza kuulizia duka la koili. Mzee akamkata: “Spea baadaye, baba. Kwanza nijibu. Inafanya ikiwa ya moto au ya baridi? Kwenye mlima au tambarare? Kwenye matuta? Mvua? Mshale wa mizunguko unaanguka mara moja au unashuka polepole?”

Tukajibu: moto au baridi, sawa tu. Matuta, ndiyo. Mshale unaanguka mara moja.

Shemeji akasema huenda ni mwinuko. Kompyuta ilipangwa Dar, usawa wa bahari, na Njombe iko kama mita 2,000 juu, ambako mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 80 tu ya ule wa pwani. Kompyuta isiyopima hewa vizuri itamwaga mafuta kupita kiasi. Hoja haikuwa mbaya. Mzee akacheka.

“Mwinuko haubahatishi. Ungekuwa huo, ingelewa mafuta mlima mzima mpaka mshuke. Hii inakata na kurudi kwa sekunde. Kinachokata na kurudi ni umeme.”

Akamwambia kijana wake afungue laptopu ya shemeji yenye programu ya ile kompyuta, kwani huwa inatunza kumbukumbu ya safari. Ikaonekana: kila gari lilipokata, umeme unaofika kwenye kompyuta ulianguka ghafla, kisha ukarudi. Betri nzima, oltaneta nzima.

Injini ikiwashwa na taa zote, mzee akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa erthi wa kompyuta. Hapo mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikafika volti moja, na alipotikisa waya namba zikacheza kama ngoma. Injini ikamisi hapo hapo mbele yetu. Pepo kapatikana!

Waya ule ulikuwa umefungwa kwenye bodi juu ya rangi, nati imelegea. Rangi haipitishi umeme. Mzee akakwangua mpaka chuma kikang’aa, akabadilisha kichwa cha waya, akakaza, akapaka grisi juu. Gharama yote haikufikia bei ya koili moja.

Hakutuacha twende. Akalichukua gari kwenye barabara ya vumbi kuelekea Matogoro, akatafuta makorongo kwa makusudi, nusu saa nzima. “Ugonjwa wa matuta unapimwa kwenye matuta,” akasema. “Ukiwasha hapa kivulini ukasema imepona, unajidanganya.”

Basi, ndugu msomaji, kama lako nalo linamisi leo na kutulia kesho, andika kwenye karatasi lini linafanya hivyo na wapi, kabla hujafungua pochi. Anza na vya bei rahisi: vichwa vya betri, erthi, fyuzi, soketi za sensa. Likizima likiwa la moto tu na kuwaka likipoa, mtilie shaka sensa ya kranki. Likikosa nguvu kwenye mlima tu, angalia filta na pampu. Na mpaka ujue chanzo, usilipite lori.

Mahari ilipokelewa Jumamosi saa nne, kwa vigelegele. Wakati wa kurudi, Lukumburu yote shangazi alikuwa amelala.