Ndege Pichani na Watu Walio Chini Yake

Miongoni mwa zana za kufundishia Historia, picha ya zamani ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi na walimu wapya. Mwalimu huibandika ubaoni, huwaambia watoto "tazameni", kisha huwageukia akaendelea na hotuba yake. Picha hubaki pale kama pambo. Nataka kuzungumza nanyi, wenzangu mnaojiandaa kwenda shuleni, juu ya picha za aina moja tu ambazo nimezitumia kwa miaka kadhaa, nazo ni picha za ndege za vikosi vya Jeshi la Anga la Uingereza zilizokuwa Kenya baada ya Vita Kuu ya Pili.

Mkusanyiko wangu ni mdogo: picha tisa zisizo na rangi, nakala za nakala. Makumbusho ya Imperial War Museum, huko London, yamehifadhi picha nyingi za Kenya za wakati huo, na wazee waliowahi kufanya kazi katika viwanja vya ndege huwa nazo moja mbili sandukuni. Nyingi katika zangu zilipigwa Eastleigh, Nairobi, uwanja ambao siku hizi ni Kambi ya Anga ya Moi.

Kwa nini ndege? Kwa sababu watoto wanazipenda. Mtoto asiyeweza kutulia dakika tano kusikiliza habari za Gavana Evelyn Baring na tangazo la Hali ya Hatari la tarehe 20 Oktoba 1952, atatulia nusu saa akihesabu injini. Sioni aibu kuutumia upendo huo. Mwalimu anayeanza kwa kuwakemea watoto kwamba ndege za vita si kitu cha kufurahia ameufunga mlango kabla wageni hawajaingia.

Basi tuanze na ile kubwa, Lincoln. Waacheni watoto waisome kabla ya kuwaambia neno. Wataona injini nne, kila moja na rafadha yake, yaani yale mapanga yanayozunguka mbele. Wataona mkia wenye mapezi mawili yaliyosimama, na kibanda cha mpiga bunduki nyuma kabisa. Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, yalikuwa karibu meta 37. Watoeni nje wapime urefu huo kwa hatua katika uwanja wa mpira, nanyi mtaona nyuso zao. Kisha warudi wazitazame alama. Ile miduara mitatu, mmoja ndani ya mwingine, ni alama ya jeshi hilo: nyekundu katikati, kisha nyeupe, kisha buluu. Lakini picha haina rangi, na mtoto akisema "nyekundu", mwulizeni ameijuaje. Ubavuni pana herufi mbili na tarakimu tatu, ambazo ni nambari ya ndege hiyo peke yake. Baada ya vita nambari iyo hiyo iliandikwa kwa ukubwa chini ya mabawa pia, ili mtu aliye ardhini aweze kuisoma.

Hapo ndipo historia inapoingia. Lincoln iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1944, nayo ilikusudiwa kwenda kupigana na Wajapani. Vita vikaisha mwaka 1945 kabla haijaifanya kazi hiyo. Ikabaki mikononi mwa vikosi vyake mpaka ikapatiwa kazi nyingine, kwanza Malaya, kisha Kenya. Tangu Novemba 1953 hadi mwaka 1955 Kikosi cha 49, cha 100, cha 61 na cha 214 vilipokezana zamu Eastleigh, ndege zao zikidondosha mabomu juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Kabla yao, na pamoja nao, ilikuwapo Harvard, ndege ya injini moja ya kikosi kidogo nambari 1340, iliyobeba mabomu madogo na kuruka kutoka Mweiga, karibu na Nyeri. Harvard iliundwa iwe ndege ya kufundishia marubani, mwanafunzi akikaa mbele na mwalimu nyuma. Wanachuo hucheka wakilisikia hilo, kisha hunyamaza.

Muhula mmoja mwanachuo wangu alikuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule iliyo kando ya barabara ya Nyeri kwenda Nyahururu. Alikuwa na watoto wa Gredi ya Sita, akaifundisha picha ya Lincoln vizuri sana: injini, mabawa, miduara, nambari. Mtoto mmoja akauliza kama ndege ile ilimpiga mtu. Mwanachuo akajibu kwamba somo la leo ni ndege, si vita. Kengele ikalia.

Tulipokaa kulijadili somo, alinieleza hofu yake. "Mwalimu," alisema, "hapa wajukuu wa watu wa msituni na wajukuu wa homgadi wanakaa dawati moja. Nikiyaanza maneno hayo, kesho wazazi watakuja kuniuliza nimetumwa na nani." Sikuidharau hofu hiyo. Mimi mwenyewe nimezaliwa katika ukoo wenye pande zote mbili, na zipo arusi ambazo hatukualikana. Hata hivyo sikukubaliana na jibu alilompa mtoto. Picha inayoonyesha ndege ya mabomu bila kuonyesha msitu ilipigwa na watu waliosimama upande wa ndege. Mwalimu asipourudisha msitu, amekubali kusimama pale pale aliposimama mpiga picha.

Tulikubaliana juu ya kazi ya kufanya nyumbani, na maswali tuliyachagua kwa uangalifu. Mtoto asiulize, "Babu, ulikuwa upande gani?" Aulize: "Ndege hizo ulizisikia? Ulikuwa wapi? Ulikuwa ukifanya nini?" Majibu yalikuja mengi, mengine mafupi mno. Bibi mmoja alikuwa mtoto, akimfuata mama yake aliyelazimishwa kuchimba lile handaki refu la kuutenga msitu na vijiji. Mwingine alisema aliisikia ndege ikisema Kigikuyu, ikiwaita watu watoke msituni wajisalimishe. Mwanachuo alitaka kulifuta jibu hilo kwa kudhani ni hekaya. Si hekaya. Ndege zenye vipaza sauti zilitumika kweli katika Hali ya Hatari, miongoni mwao Auster. Na katika picha zangu tisa imo Auster, ndege ndogo ya bawa la juu ambayo hakuna mtoto aliyekuwa ameijali. Siku iliyofuata wote waliigombania.

Mtoto mmoja hakuleta kitu. Babu yake alimwambia aende akacheze. Mwanachuo alikuwa ameshaandika "hakufanya" katika daftari lake la maksi. Nilimshauri aifute, aandike kwamba mtoto aliuliza.

Kwa upande wa walioishi chini ya mabomu, msikose kukitafuta kitabu cha Karari Njama alichokiandika pamoja na Donald Barnett, kilichotolewa mwaka 1966. Njama alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuingia msituni na kuwa karani wa Dedan Kimathi. Wanahistoria kwa jumla wanaona kwamba mabomu yaliwaua wapiganaji wachache tu, kwani miti iliwaficha, ila wanyama wengi, tembo na vifaru miongoni mwao, waliuawa au walijeruhiwa. Mtoto aliyeuliza swali lake apewe jibu kama hilo, kwa maneno machache na bila kelele.

Imebaki picha moja, nami huipenda kuliko zote: Lancaster ya Kikosi cha 82. Kati ya mwaka 1947 na 1952 kikosi hicho kilikuja Kenya na kamera, kikapiga picha za ardhi kutoka juu, kila picha ikiingiliana na inayofuata ili vilima na mabonde vipimwe. Kutokana na kazi hiyo zilichorwa ramani za kipimo cha 1:50,000 ambazo sote tumezitumia katika Jiografia. Iwekeni Lancaster kando ya Lincoln, ambayo asili yake ni hiyo hiyo, mwaulize watoto zinafanana wapi. Nanyi mkibahatika kupata picha ya anga ya sehemu yenu iliyopigwa kabla ya mwaka 1954, mtaona nyumba zimetawanyika migongoni mwa vilima, kila boma na shamba lake, kama watu walivyoishi kabla ya kukusanywa kwa nguvu vijijini. Wapeni watoto karatasi ya kupitisha mwanga na penseli, wautafute mgongo wao.