Nyarutarama: Simu Isipolia, Kibarua Hupotea

Msafiri atokaye Tanzania kwenda Kigali kwa basi huvuka mpaka katika daraja la Rusumo, mahali ambapo mto Akagera huporomoka kwa kishindo. Hapo mambo mawili hubadilika. Magari yaliyokuwa yakishika upande wa kushoto huhamia kulia, na saa hurudi nyuma kwa saa moja. Mwenye saa ya mkono hana budi kuzungusha mishale. Simu janja, ikishanasa mtandao wa Rwanda, aghalabu hujirekebisha yenyewe. Basi mwenyewe huingia Kigali akiwa na imani kubwa na kifaa hicho kilichomo mfukoni mwake.

Kigali ni mji wa vilima na mabonde, na Nyarutarama ni mojawapo ya mitaa yake inayosifika kwa uzuri. Imo katika wilaya ya Gasabo. Nyumba kubwa zimejipanga miteremkoni nyuma ya kuta na malango ya chuma, na maua yamechungulia juu ya kuta hizo. Bondeni upo uwanja wa gofu wenye mashimo 18, na karibu yake liko ziwa dogo. Pikipiki za abiria hupanda na kushuka, dereva na abiria wake mmoja kila mtu na kofia yake ngumu. Kelele ni chache. Mgeni asiyejua Kinyarwanda huweza kupata mtu wa kumwelewa kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za nchi hiyo mwaka 2017.

Lakini mtaa haukai safi kwa nguvu za wenye nyumba peke yao. Kuna wafuaji, wapishi, watunza bustani, mafundi bomba na walinzi. Baadhi ya watu hao waliishi jirani kabisa na malango hayo, katika makazi ya Kangondo na Kibiraro, ambayo watu waliyapachika jina la Bannyahe. Makazi hayo yalibomolewa, kazi iliyokamilika mwaka 2022, na familia nyingi zikahamishiwa nyumba za ghorofa huko Busanza, wilaya ya Kicukiro, upande wa uwanja wa ndege. Zamani mfuaji wa nguo aliweza kuitwa kwa mtoto kutumwa mbio. Leo huitwa kwa simu.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Mama mwenye nyumba apatapo wageni ghafla, hupiga simu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Isipopokelewa, humpigia mwingine. Yule wa kwanza, ambaye simu yake ilikuwa mezani kimya kama jiwe, huja kugundua jioni kwamba ameitwa mara tatu na kwamba beseni lake limeshashikwa na mtu mwingine. Hakuwa mvivu, wala hakuwa ameringa. Spika ya simu yake haikutoa sauti. Na kwa mzazi wake kijijini, ambaye pengine hakusoma na hutegemea ujumbe wa sauti, simu bubu ni sawa na barua iliyopotea njiani.

Wengi wapatwapo na mkasa huo hukimbilia kununua simu nyingine au kulipia spika mpya. Yafaa kwanza kukijua kifaa chenyewe. Spika ya simu ni kitu kidogo chenye sumaku, waya mwembamba uliosokotwa, na utando laini. Umeme upitapo katika waya, utando hutetemeka na kuisukuma hewa, nayo hewa huleta sauti sikioni. Chochote kiuzuiacho utando huo, au kiukatacho umeme huo, huinyamazisha simu. Lakini mara nyingi spika ni nzima kabisa. Ni simu iliyoamriwa kunyamaza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutazama amri. Simu nyingi huwa na vipimo tofauti vya sauti: cha mlio, cha muziki, cha mazungumzo na cha kengele ya kuamsha. Mtu huweza kupandisha cha muziki hali cha mlio kimo sifuri. Tena iko hali ya ukimya, na ile ya kutosumbuliwa. Baadhi ya simu za iPhone huwa na swichi ndogo ubavuni ambayo huguswa bila mwenyewe kujua. Halafu Bluetooth izimwe, kwa maana huenda sauti inatokea katika redio ya gari lililoegeshwa uani. Baada ya hayo simu izimwe na kuwashwa upya.

Kazi ya pili ni kujua ni mdomo upi ulionyamaza. Simu janja kwa kawaida ina spika ya juu, iwekwayo sikioni, na spika ya chini, itoayo mlio na muziki. Ikiwa mazungumzo husikika sikioni lakini mlio hautoki, mgonjwa ni spika ya chini. Ikiwa zote hazitoi sauti lakini hedifoni hutoa, simu huenda imedhani kwamba hedifoni bado zimechomekwa, kwa sababu ya uchafu katika tundu lake.

Kazi ya tatu ni usafi. Udongo wa Kigali ni mwekundu, na katika kiangazi cha mwezi wa Juni hadi Agosti vumbi lake hupenya kila mahali. Kava livuliwe, na vitundu vipanguswe kwa brashi laini iliyo kavu. Sindano isitumike kamwe: miongoni mwa vitundu hivyo kimo cha kipaza sauti, na utando uliotobolewa hauponi. Simu iliyonyeshewa na mvua izimwe, ifutwe na kuachwa penye hewa, wala isichajiwe mpaka ikauke. Wapo waifukiao katika mchele. Apple, watengenezaji wa iPhone, waliwaonya wateja wao mwaka 2024 wasifanye hivyo, kwa kuwa chembe za mchele huweza kuidhuru.

Hayo yote yakishindikana, ndipo aendewe fundi. Bei ikubaliwe kabla simu haijafunguliwa. Laini itolewe, kwani fedha za mtandao huifuata laini wala haziifuati simu. Picha na namba zihifadhiwe kwingine, na mtu asikubali simu yake ifutwe yote kabla ya kufanya hivyo. Mwisho, simu ijaribiwe pale pale dukani kwa kupigiwa. Iliyokufa kabisa isitupwe shimoni. Rwanda ina kituo cha kushughulikia vifaa vya umeme vilivyochakaa huko Bugesera.

Jioni jua lizamapo nyuma ya vilima, wafanyakazi hutoka malangoni mmoja mmoja na kushika njia ya kurudi makwao. Huyu ana simu mkononi, yule ameifunga katika kitambaa kiunoni. Mara mlio husikika, mtu husimama kando ya barabara, naye huahidiwa kazi ya kesho. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwenye simu bubu ajaribu brashi na vitufe kabla ya kufungua mkoba, maana kesho asubuhi anaweza kuitwa.