Nilimsingizia Dereva wa Parokia



Mimi ni karani wa parokia huku Handeni, nami ndiye mwenye daftari la fedha. Motokaa yetu humpeleka Padre vigangoni, na mara nyingi hupeleka wagonjwa Korogwe, mwendo wa kilomita 65. Mwaka 2023 usukani ulianza kutetemeka kila breki ilipokanyagwa. Wakristu wakachanga, tukanunua diski mpya mbili za mbele na pedi zake. Baada ya miezi miwili mtetemo ukarudi, tena mkali kuliko wa kwanza. Siku moja tulikuwa tumembeba mama mja mzito mwenye uchungu, mbuzi wakakatiza njia. Dereva alikanyaga breki, motokaa ikatikisika hata yule mama akapiga kelele.

Katika mkutano wa halmashauri nilisimama nikasema kwamba mzee yule ameziunguza diski kwa kukanyaga breki ovyo miteremkoni. Mzee hakujibu kitu. Alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi.

Kweli joto huharibu diski. Mtu akishuka Lushoto mpaka Mombo gari likiwa fri, mguu juu ya breki njia nzima, diski huwaka. Naye akisimama chini bila kuuondoa mguu, pedi huacha utando mahali pamoja. Basi nilidhani najua, nami sikuwa nimepima chochote.

Aliyepima ni fundi mmoja wa Korogwe. Alichukua maikromita, akapima unene wa diski mahali 8 kuizunguka.

"Mwalimu," akaniambia, "diski hii haikupinda. Unene wake haulingani."

Tofauti ilikuwa sehemu 3 katika 100 za milimita, nyembamba kuliko karatasi ya daftari! Kisha akaitoa diski, akanionyesha habu inapokaa, yaani kitovu cha gurudumu. Kutu tupu. Waliofunga diski mpya hawakuisugua. Chembe ya kutu pale katikati huifanya diski iyumbe ukingoni, ikagusa pedi mahali palepale kila mzunguko, hata breki isipokanyagwa. Huliwa kidogo kidogo. Ndiyo sababu mtetemo haukuja siku ya kwanza.

"Na nati nani alizikaza?"

Nilinyamaza. Wiki ileile ya diski mpya tulipata pancha njiani, na gurudumu nililifunga mimi. Nilichomeka bomba kwenye spana, nikalisimamia kwa miguu miwili, nati moja baada ya nyingine kwa kuzunguka, nikajiona hodari. Kumbe nati zilizokazwa kupita kiasi, bila kulingana, huivuta diski upande.

Bahati njema, diski bado zilifaa kuchongwa. Kipimo cha mwisho kilichopigwa chapa juu yake ni milimita 23, nazo zilikuwa na 24 na zaidi. Fundi alizisugua habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Akazifunga diski kwenye mashine ya kukereza, akahakikisha zimekaa sawa kabla ya kuzigusa, kisha akachonga pande zote mbili, kila mara akiondoa kidogo sana. Alizichonga zote mbili, ya kushoto na ya kulia, ili zishike sawa. Akazipiga msasa, akaziosha kwa maji na sabuni. Alipozirudisha aliweka saa ya kupimia: kuyumba kwake hakukufika sehemu 5 katika 100 za milimita. Nati akazikaza kwa kuvuka, moja huku, ya pili ng'ambo yake, kwa spana yenye kipimo.

Tulirudi jioni, usukani umetulia kabisa. Nikamweleza mzee habari za nati.

"Nilikuona siku ile, mwanangu," akasema. "Ila wewe ndiwe karani."

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi mbele ya halmashauri ileile, nikayafuta maneno yangu. Gharama ya kuchonga nimeiandika daftarini kwa jina langu.