Nimeuza Gari Langu kwa Spea

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya mtu yeyote wa nyanda hizi za juu ambaye gari lake limezeeka na bado linawaka asubuhi. Gari likifa, uamuzi unakuwa umeshafanyika. Kazi iko kwenye gari linalowaka.

Langu lilikuwa Toyota Corolla, lile toleo tunaloliita 110, namba A, yaani la usajili wa zamani. Tulilinunua mimi na mume wangu likiwa tayari na umri wake. Likatulelea watoto hapa Uyole, Mbeya, likabeba mbolea na viazi, likawahisha wagonjwa wa mtaa usiku wa manane, na likizo za shule likatupeleka Ilula kwa wazazi wangu, ng'ambo ya Iringa mjini. Msimamo wangu kuhusu magari nilirithi kwa baba, ambaye miaka ya sabini aliendesha malori ya njia ya Zambia: gari zuri ni lile linalofika. Lisilokuacha njiani, nawe usiliache.

Hesabu za fedha ziliniunga mkono. Nilipokaa kupiga hesabu ya kuagiza gari Japani, nilikuta ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa kufuatana na ukubwa wa injini, na kwa gari lililozidi miaka 10 tangu litengenezwe, nyongeza ya uchakavu ya asilimia 30. Kwa hiyo gari ambalo Mjapani analiuza kwa bei ya kutupa ndilo linalobebeshwa mzigo mkubwa likifika bandarini Dar es Salaam, na lile jipya zaidi, lisilo na nyongeza hiyo, mshahara wa mwalimu haulifikii bila mkopo wa miaka. Kununua la mkononi, namba C au D, nako kuna hofu yake: kilomita hurudishwa nyuma, rangi hupigwa upya, na unabadilisha ubovu unaoujua kwa ubovu usioujua. Tena tangu bajeti ya 2017/18 ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo kukaa na gari kuukuu hakukudai kitu mpaka uliwashe. Mwenye gari namba A alikuwa na kila sababu ya kubaki nalo, na nilibaki nalo kwa moyo mmoja.

Kilichonigeuza ni baba. Afya yake ilishuka, ikabidi aletwe Hospitali ya Rufaa hapa Mbeya na awe anarudi kliniki. Nikalipeleka gari kwa fundi wetu, kijana wa Kinyakyusa aliyelijua kuliko mimi, nikamwambia nataka kwenda Ilula kumchukua mzee, alitazame lote.

Aliliweka juu ya shimo, akakaa chini yake muda mrefu. Alipotoka hakuanza kutaja spea kama kawaida yake.

"Mwalimu, kufika litafika," akaniambia. "Injini hii haina tatizo, itakuzika. Kusimama sasa, na kuhimili likigongwa, hapo siwezi kukuahidi."

Akanishusha shimoni nikaone mwenyewe. Gari dogo kama Corolla halina chasisi ya peke yake kama lori au Land Cruiser. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Pale mikono ya nyuma inayoshika magurudumu inapofungwa kwenye bodi, bati lilikuwa limeliwa na kutu na kuchomelewa viraka, kiraka juu ya kiraka. Alibonyeza kwa bisibisi, ikazama. Breki zilikuwa zimechoka, lakini breki alisema zinanunulika: masta silinda, pedi, mipira, vyote viko Mwanjelwa. Injini nayo hununuliwa nzima ikafungwa. Bodi ikioza, hakuna kilichobaki cha kufungia hivyo vipya.

Nilirudi nyumbani kwa bajaji nikiwa na lile neno la kusimama kichwani. Anayeishi kati ya Mbeya na Iringa anajua lina uzito gani. Ukitoka Uyole kuelekea Chimala unakutana na Mlima Nyoka na mteremko wa Inyala. Upande wa pili wa jiji kuna Iwambi, ambako Juni 2025 lori lililoshindwa breki lilikatisha uhai wa watu zaidi ya 20. Na chini ya Ilula kuna Kitonga, ambako wanakijiji wetu hushuka kwenda kununua vitunguu Ruaha Mbuyuni. Barabara hii ya kwenda Zambia imejaa malori, na mvua zikianza, ukungu wa asubuhi hauonyeshi hata taa za aliye mbele yako. Kupanda nako kuna mtihani wake. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachobana maji yasichemke mapema. Kikilegea, gari ambalo Chalinze lingepita salama litachemsha Mlima Nyoka. Lakini gari likichemsha unaegesha, unasubiri lipoe. Kwenye mteremko hakuna kusubiri. Breki zikipata moto sana, mafuta yake yaliyonyonya unyevu kwa miaka yanachemka, mvuke unaingia kwenye bomba, na pedali inazama mpaka sakafuni bila kukamata kitu.

Nilimpigia baba kumweleza kwamba nitamfuata kwa basi. Nilitegemea atalitetea gari, kwa vile falsafa ilikuwa yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, sisi Kitonga tulishuka kwa gia ileile tuliyopandia. Breki tuliitunza kwa ajili ya kusimama. Kama halisimami, liache." Kumbe nilikuwa nimerithi nusu ya maneno yake.

Uzito mkubwa ulikuwa bado mbele, na ndio hasa unaonifanya nitoe ushuhuda. Alikuja kijana wa Mbalizi, mstaarabu, akitaka kulinunua alifanyie biashara ya kubeba abiria. Alitaja bei nzuri. Nikamweleza habari ya bodi. Akasema, "Usijali, mama, kuna fundi atachomelea na kupiga rangi, halitajulikana." Mbalizi kwenda mjini njia yake ni Iwambi.

Mume wangu alitaka tuuze. Hakuwa na tamaa. Ada za watoto zilikuwa zinakaribia, na tukiliuza kwa spea tungepata chini ya nusu. Alisema mnunuzi ameambiwa ukweli, ni mtu mzima. Nami nilikubali kwamba yeye ameambiwa. Abiria wake je? Nilimjibu: gari ambalo siwezi kumpakia baba yangu, simuuzii mtu akampakie baba wa mwenzake. Tulikaa siku kadhaa tukizungumza mambo mengine tu. Kisha asubuhi moja akachukua bisibisi, akafungua namba mbele na nyuma, akazipeleka TRA pamoja na kadi ili usajili ufutwe. Sijawahi kumshukuru vya kutosha kwa asubuhi ile.

Injini ilinunuliwa na mtu wa Makambako, ikafungwa kwenye gari jingine. Milango, taa na viti vilienda kimoja kimoja. Bodi ilikwenda chuma chakavu. Tuliishi muda mrefu kwa daladala na bajaji, tukiweka akiba SACCOS, na baba alikuja kliniki kwa basi, akikaa siti ya mbele nyuma ya dereva na kumchunguza jinsi anavyobadilisha gia. Gari tulilonalo sasa ni namba D. Tulilipandisha juu ya shimo kabla ya kutamka bei, na mengine matatu mazuri ya kutazama tuliyakataa shimoni. Mafuta ya breki nabadilisha kila baada ya miaka miwili, kabla ya mvua, hata kama fundi anaona bado.

Yule kijana wa Mbalizi alinipigia baadaye. Amepata gari jingine, Corolla kama lile langu, namba A vilevile, na hajalilipia. Nikamwomba alilete kwanza kwa fundi wetu, gharama ya shimo nitatoa mimi. Alikuja. Tuliingia chini wote watatu na tochi. Bodi yake ilikuwa nzima, bati kavu, bila kiraka. Lilikuwa limekaa miaka mingi kwa mzee mmoja aliyeliegesha ndani. Breki ndizo zilikuwa mbovu zote nne. Akamwomba muuzaji apunguze bei, akanunua mpya, akazifunga palepale kabla ya kubeba abiria wa kwanza.