Mtoto Asome Dar, Baba Abaki Nyakato?

Ukiolewa na mgeni, watu wanakuuliza utapika nini na mama mkwe atakupokeaje. Hakuna anayekuuliza mtoto atasoma mtaala gani. Nakwambia, mwenzangu, pilipili inazoeleka. Kwetu sisi, shule ndiyo iliyotaka kututenganisha.

Mume wangu ni Mhindi wa Gujarat, mhandisi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja hapa Nyakato. Mimi ni Msukuma wa Magu, nina duka la vitenge Buzuruga. Kibali chake cha kazi ni cha miaka miwili miwili, na kwa sheria ya mwaka 2015 jumla yake ina kikomo. Kuwa na mke Mtanzania hakumsaidii sana. Sheria yetu ya uraia ya 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia kwa njia ya ndoa, mwanaume wa kigeni haimpi. (Hilo nalo lina siku yake, nitalisema.) Kwa hiyo binti yetu alipokaribia miaka sita, kila jioni swali likawa moja: mkataba ukiisha tukahamia kwao, mtoto ataingia darasa gani?

Mwenzangu alikuwa na jibu tayari: CBSE. Hiyo ni bodi ya elimu ya India, na ina shule hata nje ya India, hasa kule Ghuba. Wenzake waliopitia Oman walisomesha watoto Indian School Muscat, iliyoanza 1975, wakahama bila wasiwasi. Dar es Salaam nako ipo shule ya mtaala huo, na kwa hesabu yake ada ilikuwa nafuu kuliko kuwaza shule ya kimataifa yenye mtaala wa Uingereza, kama Isamilo hapa Mwanza. Kweli, ukiangalia ada peke yake.

Ila Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa. Bweni halikuwezekana. Waraka wa serikali wa 2023 ulizuia bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano, isipokuwa kwa kibali maalumu, na hata usingezuia, mtoto ambaye bado anafungwa kamba za viatu nimpeleke bweni kwa nani? Basi likaja wazo la pili: mimi na mtoto tuhamie Dar, baba abaki Nyakato, awe anakuja kila baada ya miezi miwili.

Sikugomba. Nilichukua daftari la dukani nikaandika: kodi ya nyumba mbili, umeme mara mbili, tiketi za ndege, dada wa kazi, na duka langu kufungwa. Chini kabisa nikaandika, ‘mume wa kwenye simu’, nikaacha nafasi ya bei wazi. Nikamwekea daftari karibu na chai yake. Akalisoma, akalifunga, akaenda kazini bila kusema kitu. Jioni akauliza, “Shule za hapa karibu umezionaje?”

Tukaanza kuzunguka shule za mchepuo wa Kiingereza, Jumamosi tatu mfululizo. Hapo ndipo nilipojua kwamba bei iliyoandikwa kwenye fomu ni ya kukukaribisha tu. Moja ilituambia milioni moja na laki nane kwa mwaka, lakini tulipoongeza basi, chakula, sare, vitabu, masomo ya ziada na michango, ikakaribia milioni tatu. Uliza kila kitu kabla hujalipa fomu. Uliza pia basi linamchukua mtoto saa ngapi, maana kuna wanaochukuliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri na darasani wanasinzia. Sisi tulichagua iliyo karibu, anayoweza kufika kwa miguu akiwa na mtu mzima. Majengo yake si ya kupigia picha, lakini mwalimu wa darasa la kwanza alichuchumaa akaongea na mtoto kabla hajaongea na sisi. Mimi hapo nikawa nimemaliza.

Na ile hofu ya kuhama? Tulikaa tukachimba. Mtihani mkubwa wa CBSE uko darasa la 10, na usajili wa wanafunzi kwenye bodi unaanza darasa la 9. Madarasa ya chini yana nafasi zaidi ya kuhamia. Mwaka wao wa masomo kwa kawaida unaanza Aprili, wetu Januari, hivyo ni miezi michache ya kurekebisha. Vitabu vyao vya NCERT vinapatikana bure kwenye intaneti, na hesabu ni hesabu.

Lugha ndiyo kazi. Mwaka 2023 Gujarat ilipitisha sheria kwamba Kigujarati kifundishwe darasa la 1 hadi la 8 katika shule zote, za bodi yoyote. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Maana tungehamia Dar kumtafutia mtoto mtaala wa India, halafu tungemwacha Nyakato mtu pekee katika familia anayeweza kumfundisha Kigujarati!

Sisemi kila mtu afanye kama sisi. Kama mkataba wenu umebakiza mwaka mmoja na tiketi ya kurudi iko mezani, au mtoto yuko darasa la 8, shule ya Kihindi ina maana yake, na huenda hata kuhama kukawa na maana. Wa kwetu alikuwa na miaka sita.

Sasa baba akirudi kazini anaoga, anakunywa chai, wanakaa mezani nusu saa. Siku za Jumapili bibi yake wa Gujarat anamsikiliza kwa simu akisoma, na bibi wa Magu, akija, anadai mwangaluka yake kwanza kabla ya mambo ya herufi. Kibali kinaisha mwakani. Cheti cha kuzaliwa, ripoti za kila muhula na risiti za ada nimeziweka kwenye faili moja kabatini. Madaftari ya Kigujarati nayo yamo humo humo. Mimi siwezi kuyasoma, binti ananisomea.